Zizi la farasi la Chatsworth, lenye sura ya kasri

Anayefika Chatsworth, Derbyshire, nchini Uingereza, huona mlimani jengo kubwa la mawe lenye mnara wa saa na kuba, akadhani amefika kwenye kasri. Kumbe hilo ni zizi la farasi. Kasri lenyewe liko chini ya mteremko, upande wa kusini-magharibi.

Wageni wengi hulipita jengo hili wakiharakia michoro na dari za kasri. Kwetu tunaoshughulika na majengo ya kale, hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu zizi ndilo linaloonyesha kasri lilivyoendeshwa siku hadi siku.

Mwenye kasri, William Cavendish, Duke (cheo cha juu cha kimwinyi) wa Nne wa Devonshire, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1756 hadi 1757, alibomoa mazizi ya zamani yaliyoonekana kutoka kwenye kasri. Kazi ya kusanifu jipya alimpa James Paine, na jengo likasimama mnamo 1760. Ni la ghorofa mbili, karibu mita 60 kila upande, na katikati lina ua mpana. Langoni kuna nguzo nene za mtindo wa Kidoriki, yaani wa Ugiriki ya kale, na pembetatu ya mawe yenye nembo ya ukoo, pamoja na kulungu wa kuchongwa waliopachikwa pembe za kulungu halisi. Ndani palikuwa na nafasi ya farasi 80 na karakana ya mhunzi. Fahari hiyo yote haikuwa ya bure: farasi alikuwa usafiri, chombo cha kuwindia, tarishi na cheo cha bwana wake, na mgeni alimpima mwenyeji tangu akiwa njiani.

Ukishapita lango, usanifu unaanza kumtumikia mnyama. Katika mazizi ya namna hii madirisha huwekwa juu, ili mwanga usimpige farasi machoni na upepo wa baridi usimshukie mgongoni akiwa na jasho. Sakafu huinamishwa kidogo mkojo upate kutiririka mferejini. Ikiinama mno, farasi anayesimama usiku kucha huumia miguu. Chumba cha hatamu na matandiko huwa na meko, kwa kuwa ngozi huota ukungu upesi katika unyevu wa Uingereza. Hata saa ya mnarani ina kazi, maana kulisha, kusugua na kufunga farasi kwenye magari vilikwenda kwa ratiba.

Kasoro kubwa ya mazizi ya namna hii ilikuwa dari. Nyasi kavu ziliwekwa juu ya vichwa vya farasi na kuangushwa kupitia matundu hadi kwenye hori. Ilirahisisha kazi, lakini mvuke wenye harufu kali ya mkojo ulipanda na kuharibu nyasi, huku vumbi likishuka machoni na puani mwa wanyama. Wasanifu wa karne ya 19 walilipinga jambo hilo kwa nguvu, wakatoboa mapaa na kuweka matundu ya hewa. Kwangu mimi hayo ni maendeleo makubwa kuliko nguzo zozote za Kidoriki.

Ghorofa ya juu ya Chatsworth ilikuwa na maghala ya nafaka na vyumba vya saisi. Mlango mmoja ulibaki na cheo cha mkaaji wake kilichoandikwa kwa rangi: postilioni wa tatu, yaani mtumishi aliyempanda mmoja wa farasi wavutao gari ili kuwaongoza.

Farasi wa mwisho waliondoka mwaka 1939, na jengo likageuzwa ghala na gereji. Banda la magari ya farasi, lililoongezwa nyuma na Duke wa Sita katika miaka ya 1830, limekuwa mkahawa tangu 1991. Mabadiliko ya aina hii huyaokoa majengo yasianguke, nami nayaunga mkono. Lakini mara nyingi vinavyong'olewa kwanza ni vizuizi vya mbao na hori, vile vile vinavyoeleza jengo lilivyofanya kazi.

Ndiyo maana zizi la Peover Hall, huko Cheshire, lina thamani ya pekee. Ellen Mainwaring alilijenga mwaka 1654 kuwa zawadi kwa mwanawe Thomas, na hadi leo lina nguzo za mbao zilizochongwa kati ya farasi na farasi, chini ya dari ya plasta yenye mapambo.