Je, wajua kwa nini tovuti yako haipati wageni?

Unapotafuta kitu Google, haikimbii kukisaka mtandaoni dakika ileile. Inafungua daftari lake, yaani kumbukumbu ya kurasa ambazo programu yake iitwayo Googlebot ilikwishazipitia. Na Googlebot husafiri kwa kufuata viungo, kutoka ukurasa huu hadi ule. Tovuti ambayo hakuna anayeiwekea kiungo ni kisiwa kisichofikiwa na boti.

Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni pale Kilwa Masoko, ng'ambo ya magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981. Mwenyewe aandike Google neno site, nukta mbili (:), kisha anwani ya tovuti yake bila kuacha nafasi. Kisipotokea kitu, huenda tovuti bado haijaingia daftarini. Dawa yake ni kujiandikisha Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ambayo ni bure, na kuwasilisha orodha ya kurasa zake.

Kuingia daftarini si kuonekana juu, lakini. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, walikihesabu kiungo kama kura, na kura ya ukurasa unaoheshimika ikawa na uzito zaidi. Kwa hiyo kutajwa na mwandishi mmoja wa safari kunashinda viungo mia vya kununua, ambavyo Google inavikataza.

Ila kinachoangusha wengi ni maneno. Kichwa cha ukurasa kimeandikwa "Mwanzo". Chini yake: "Karibuni nyote, tunatoa huduma bora kwa bei nafuu." Nani aliwahi kutafuta "huduma bora"? Mgeni anaandika "boti ya kwenda Kilwa Kisiwani", "kibali cha kuona magofu kinapatikana wapi", "basi la Kilwa Masoko linaondokea wapi Dar". Maswali hayo mwenye nyumba anayajibu kwenye simu kila wiki hadi anachoka, na hajawahi kuyaandika. Kila swali lipewe ukurasa wake, na kichwa kiwe swali lenyewe kwa maneno ya muulizaji. Wapo mafundi wanaotoza hela kuficha orodha ya maneno muhimu ndani ya msimbo (code) wa ukurasa. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii orodha hiyo kupanga matokeo.

Halafu picha. Picha ya simu inaweza kufika MB 4 au 5. Weka kumi, na mgeni mwenye bando la kubana ataondoka kabla chumba hakijaonekana. Zipunguze hadi chini ya KB 200 kila moja. Uikague tovuti kwa simu pia, maana ukurasa unaoonekana kwenye simu ndio Google inaousoma.

WhatsApp nayo isidharauliwe. Mwambie fundi aweke picha na maelezo yanayotokea kiungo kinapotumwa. Kiungo kitupu kwenye kundi watu hukidhania utapeli.

Baada ya miezi miwili, fungua Search Console uone watu walitafuta nini tovuti yako ilipojitokeza. Ukikuta "nauli ya boti Kilwa Kisiwani" na nauli hukuiandika popote, kazi ya jioni hiyo unayo.