Je, wajua kwa nini majimbo ya Australia hayatozi kodi ya mapato, ilhali katiba inayaruhusu?

Katiba ya Australia ilianza kutumika mwaka 1901, na hakuna kifungu ndani yake kinachoyazuia majimbo kutoza kodi ya mapato. Zamani yalikuwa yakiitoza, kila jimbo kwa viwango vyake, huku serikali ya shirikisho ikitoza ya kwake. Leo hakuna jimbo hata moja linaloitoza. Kifungu hakikufutwa wala kuongezwa. Ni mfuko tu uliohama mikono.

Ulihama mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Serikali ya Waziri Mkuu John Curtin ilihitaji fedha nyingi na haraka, na Bunge likapitisha sheria nne kwa mpigo. Ya kwanza ilipandisha kodi ya shirikisho hadi ikakaribia jumla ya kile wananchi walichokuwa wakizilipa serikali zote mbili. Ya pili iliahidi ruzuku kwa jimbo litakaloacha kutoza. Ya tatu ikamtaka mlipakodi amalize kwanza deni la shirikisho ndipo alipe la jimbo. Ya nne ilichukua maofisa wa kodi wa majimbo, pamoja na ofisi zao na majalada yao, ikawaweka chini ya shirikisho.

Hebu kaa kwenye kiti cha waziri wa fedha wa jimbo siku ile. Ukiendelea kutoza, watu wako watabanwa mara mbili na ruzuku utaikosa. Isitoshe, wa kwenda kukusanya hiyo kodi hunao tena. Ukiacha, hundi inakuja. Je, hapo pana hiari kweli?

Majimbo manne yalikwenda Mahakama Kuu na kushindwa. Majaji waliipima kila sheria peke yake wakaona ni halali: mamlaka ya majimbo yako palepale, ni vile tu kuyatumia kumekuwa ghali. Vita vikaisha, kodi haikurudi. Mwaka 1957 Victoria na New South Wales yalijaribu tena, yakafanikiwa kuangusha ile sheria ya nani alipwe kwanza, lakini mpango wa ruzuku ukasalimika, na huo ndio uliokuwa na uzito.

Marekani ilipita njia hiyohiyo kwa jambo dogo zaidi. Umri wa kununua pombe huamuliwa na majimbo, lakini sheria ya mwaka 1984 iliagiza jimbo linalowauzia walio chini ya miaka 21 likatwe sehemu ya fedha za barabara kuu zitokazo serikali ya shirikisho: asilimia 5 mwanzoni, kisha 10. South Dakota ilishtaki, ikashindwa mwaka 1987. Kufikia 1988 majimbo yote 50 yalikuwa yamehamia kwenye 21.

Nisieleweke kwamba ruzuku ni mtego siku zote. Mikoa hailingani kwa utajiri, na bila kugawana, mtoto wa jimbo maskini angesoma shule duni kwa sababu tu ya mahali alipozaliwa. Kinachonitia wasiwasi ni masharti yanayofungwa kwenye fedha hizo, maana kupitia hayo serikali kuu huamua mambo ambayo katiba haikuipa, na mpiga kura anabaki hajui amlaumu nani shule ikikosa walimu.

Uswisi waliliona hili mapema, wakaigeuza kamba upande wa pili. Huko kantoni 26, yaani majimbo yake, na manispaa hutoza kodi zao, na ni serikali ya shirikisho inayotoza kodi ya mapato kwa muda maalumu. Katiba inataja kiwango cha juu, asilimia 11.5 kwa mtu binafsi, na inataja tarehe ya mwisho. Muda ukikaribia, serikali hurudi kuomba kura ya wananchi wengi na ya kantoni nyingi pia. Iliomba mara ya mwisho Machi 2018, ikakubaliwa. Ruhusa hiyo inakoma mwishoni mwa 2035.