Je, wajua kwa nini mwenye nyumba Mji Mkongwe haruhusiwi kuivunja nyumba yake?

Mtu amerithi nyumba ya ghorofa mbili kule Shangani au Malindi, Unguja. Hati anazo, ndugu wameshagawana wakaridhiana, na mtaa mzima unamjua kuwa ndiye mwenyewe. Akitaka kuibomoa ili ajenge nyingine yenye vyumba vingi zaidi vya wageni, atakataliwa. Hata akitaka kung'oa madirisha ya mbao atie ya aluminiamu, hana budi kuomba ruhusa kwanza. Ndipo watu huuliza: mali yangu mwenyewe, iweje nipangiwe?

Sheria ya uhifadhi hainyang'anyi umiliki. Nyumba unaweza kuiuza, kuirithisha, kuipangisha, kuifanya hoteli au duka ukipata kibali. Usichoweza ni kuiondoa. Kuta za nje, kimo, baraza, roshani na mlango wa nakshi vinahesabiwa kuwa sehemu ya mji, kwa hiyo anayetaka kuvigusa anazungumza na mji kwanza.

Kuna na sababu ya kiujenzi ambayo haitajwi sana. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimebanana ukuta kwa ukuta, nyingine zinatumia ukuta mmoja. Ukiivunja ya kwako, ya jirani inapoteza egemeo, na ukuta wake ambao haukuwahi kuona mvua unaachwa wazi. Lamu ni hivyo hivyo: wikio, kile chumba kinachopita juu ya uchochoro, kimeegemea nyumba za pande zote mbili. Bomoa moja uone.

Masharti haya hayakushuka siku moja. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za watu walioondoka zilikuwa mali ya serikali, wakapangishwa wananchi, mara nyingi chumba kwa chumba na kwa kodi ndogo. Nyingine zilikuwa za wakfu. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikawa na familia kadhaa, kila moja na jiko lake na ndoo zake za maji ghorofani. Kodi haikutosha kununua chokaa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa mwenyewe hasa, paa likivuja kila mtu alisogeza kitanda chake. Ilipofika miaka ya 1980 mwanzoni, nyumba zilikuwa zinaporomoka. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na baadhi ya nyumba za serikali zikauzwa kwa watu binafsi kwa sharti la kuzitengeneza. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria yake, sambamba na mpango mkuu wa uhifadhi ulioandaliwa pamoja na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Majengo takriban 1,700 yalikaguliwa moja moja. Mji ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mwaka 2010 Mamlaka ikapewa sheria mpya.

Utekelezaji wenyewe si mgumu kuuelewa. Majengo yamewekwa kwa madaraja kulingana na uzito wake katika historia na usanifu. La daraja la juu halibadilishwi sura. Linatengenezwa tu, kwa vifaa vile vile lilivyojengewa. La chini yake lina nafasi zaidi ya mabadiliko, hasa ndani. Anayetaka kujenga au kukarabati hupeleka michoro na maelezo ya kazi, wakaguzi huja kuangalia, kisha ndipo fundi aanze. Akianza bila kibali anaweza kusimamishwa. Mambo yanayoonekana madogo nayo yamo: bango la duka, kiyoyozi kilichoning'inizwa usoni mwa nyumba, ghorofa ya ziada ya mabati juu ya paa ili wageni waone bahari. Hiyo ghorofa ya ziada ndiyo hatari kuliko vyote, kwa sababu uzito wake unabebwa na kuta ambazo hazikujengwa kuubeba.

Nje ya Zanzibar, kinga ya jengo la kale mara nyingi huanza na mwaka. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara, ya mwaka 1964, inalinda moja kwa moja jengo lolote lililojengwa kabla ya 1863. Lililojengwa baada ya hapo linalindwa pale tu waziri anapolitangaza. Sasa angalia Dar es Salaam: Boma la Kale, lile lililo karibu na bandari ambalo ni miongoni mwa majengo makongwe kabisa ya jiji, lilijengwa kati ya 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid. Limeukosa mstari kwa miaka mitatu au minne tu. Na majengo yote ya Wajerumani, pamoja na nyumba za ghorofa za wafanyabiashara wa Kihindi za katikati ya jiji, yako upande usio na kinga ya moja kwa moja. Yanategemea tangazo la Gazeti la Serikali, na tangazo moja linaweza kufutwa na jingine. Ndiyo maana pale ambapo bei ya kiwanja imepanda, nyumba ya ghorofa mbili haina mtetezi mbele ya mnara wa ghorofa ishirini. Boma la Kale limebahatika: lilikarabatiwa, na tangu 2017 limekuwa kituo cha urithi wa usanifu wa jiji.

Kenya nao wanatumia mwaka katika sheria yao ya makumbusho na urithi ya 2006, ambapo kwa vitu vya kale mstari ni 1895, mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao ya Afrika Mashariki. Lakini kwa miji ya pwani hawakungoja umri wa jengo moja moja. Walitangaza mji wa kale mzima kuwa eneo la hifadhi, Lamu mwaka 1986 na Mombasa baadaye. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia sahihi. Jengo moja lililobaki katikati ya vioo na maegesho ya magari halielezi tena watu waliishije.

Hata hivyo, katazo la kuvunja lina udhaifu mkubwa, nao unaonekana vizuri ukiuangalia ukuta wenyewe. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake kama nusu mita au zaidi. Juu yake zimelazwa boriti za mikoko, ncha zake zimezama ndani ya ukuta, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa iliyopondwa ikashikana. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Boriti hizo hazibebi dari tu, zinazivuta kuta mbili zisiachane.

Maji huingia juu, pale bati lilipotoboka au mfereji wa paa ulipoziba majani. Yanateremka ndani ya ukuta kimyakimya. Udongo unalainika, chokaa inaoshwa, na ncha za boriti, zile usizoziona kwa kuwa zimo ndani, zinaoza kwanza. Dari bado inaonekana nzima, lakini haishiki tena ukuta. Ukuta unaanza kuvimba kwa nje. Fundi asiyejua anaitwa, anapiga lipu ya saruji nzito ionekane imara, na hapo ndipo mambo yanapoharibika kabisa: chokaa huuacha ukuta upumue, saruji huufunga. Unyevu unabaki ndani na chumvi zake, na baada ya masika chache lipu yote inabanduka na vipande vya jiwe.

Hakuna aliyevunja chochote hapo, wala hakuna kifungu kilichokiukwa waziwazi. Ila nyumba imekwisha. Na mwenye nyumba aliyekataliwa kibali cha kubomoa, akiwa na subira na moyo mgumu, anajua hivyo. Anahama, anaacha paa wazi, anangoja. Ikishatangazwa kuwa ni hatari kwa wapita njia, atakuja kuambiwa aiangushe.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili si nyumba ya mtu binafsi. Ni Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, jumba la sultani la Mji Mkongwe lililolindwa kuliko mengi visiwani. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Mizinga ya Waingereza ililiharibu kidogo tu tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kwa chini ya saa moja, likabaki limesimama. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka, likafungwa. Ukarabati kwa fedha za Oman ulikuwa umeanza pale tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ilipoporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Orodha zote za urithi lilikuwamo. Kilichokosekana ni matengenezo kwa wakati.

Wengine hudhani UNESCO ndiyo yenye rungu. Haina. Inaweza kutuma wataalamu, kuonya, kuliweka eneo katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwisho kabisa kulifuta. Dresden ya Ujerumani ilifutwa mwaka 2009 kwa sababu ya daraja, Liverpool ya Uingereza mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi mpya ufukweni. Hata hivyo daraja lilijengwa na ujenzi ukaendelea. Anayeweza kumzuia mtu na nyundo yake ni mamlaka ya hapo hapo mjini, kwa sheria ya hapo hapo.

Sheria hiyo ingekuwa na nguvu maradufu kama ingemshika mkono anayetengeneza kwa juhudi ile ile inayomzuia anayevunja. Chokaa nzuri ni ghali kuliko saruji kwa sababu inachukua muda: matumbawe huchomwa kwenye tanuu, hulowekwa, huachwa ikomae. Mafundi wanaoijua ni wachache na wamezeeka. Mjane anayeishi kwenye nyumba ya wakfu hana uwezo huo, na si haki kumpa masharti ya hoteli. Mfuko wa mikopo midogo ya paa na mifereji tu ungeokoa nyumba nyingi kuliko faini yoyote.

Kama una nyumba ya namna hii, au ya wazee wako, kazi ya kwanza iwe paa. Panda kabla ya masika, safisha mifereji, ziba matundu, angalia bomba la choo cha ghorofani kama linavuja ndani ya ukuta. Gongagonga boriti karibu na ukuta. Ikilia kama kitu kitupu, ncha imeoza. Piga picha za kila nyufa na uandike tarehe, ili mwakani ujue kama imeongezeka. Kisha nenda Mamlaka kabla hujamwita fundi, na fundi akikwambia saruji itamaliza kazi kwa siku mbili, tafuta mwingine.