Kabla ya Insha, Nionyeshe Masomo Uliyochukua

Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa vyuo vya jamii hapa California wanaotaka kuhamia vyuo vikuu. Ikifika Novemba hunijia na insha, wakitaka niwanyooshee sentensi. Mimi naomba kwanza orodha ya masomo tangu muhula wa kwanza. Kwa fani zenye ushindani, mara nyingi jibu la chuo kikuu limo humo tayari.

Kwa msiojua mfumo wa huku: jimbo lina vyuo vya jamii 116, na tangu mpango wa elimu ya juu wa mwaka 1960 sehemu ya kazi yake ni kumsomesha mtu miaka miwili ya mwanzo ya shahada, kisha akaingie chuo kikuu mwaka wa tatu. Mkazi hulipa dola 46 kwa uniti, yaani kipimo cha ukubwa wa somo. Chuo Kikuu cha California, yaani UC, hutaka uniti 60 za mfumo wa mihula, kwa hiyo ada ni dola 2,760 kwa miaka yote miwili, vitabu mbali. Shahada utakayopata ni ileile ya aliyeanzia UC.

Sasa mchukue kijana anayetaka uhandisi Berkeley, mojawapo ya kampasi za UC. Mwenzake kamwambia amalize masomo ya jumla kwanza, hesabu zitasubiri. Anasoma historia, saikolojia, muziki, anajaza A. Kalkulasi anaigusa mwaka wa pili. Lakini kalkulasi ya pili haichukuliwi kabla ya ya kwanza, wala ya tatu kabla ya ya pili, na fizikia ya wahandisi nayo inaisubiri kalkulasi. Anakuja kwangu na uniti 60 na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.9 kati ya 4, na bado kwa upande wa uhandisi hajafika mwaka wa tatu. Insha haiwezi kuziba pengo hilo, hata aiandike vizuri namna gani.

Dawa ni ya bure: fungua assist.org kabla ya kujisajili muhula wa kwanza. Unachagua chuo chako, kampasi unayoitaka na fani, inakuonyesha somo lipi la kwenu linahesabiwa kuwa lipi la kwao. Masomo ya fani ndiyo yaanze. Mpango wa masomo ya jumla uitwao Cal-GETC unamfaa sana mwanafunzi wa sosholojia au historia. Mhandisi akiung'ang'ania wote anajichelewesha.

Wazazi wa Kikongomani wa San Diego huniuliza sana kuhusu TAG, ahadi ya kupokewa ukitimiza masharti. Ipo katika kampasi sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Unaiomba Septemba, kwa kampasi moja tu, na si fani zote zimo. Berkeley, Los Angeles na hiyo San Diego ya jirani hawaitoi. Mimi humshauri karibu kila anayestahili aiombe, kwa sababu haimzuii kuomba kampasi nyingine.

Vyuo binafsi vina taratibu zake. Stanford huchukua wanaohamia wachache mno; USC, yaani Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, hupokea wengi kutoka vyuo vya jamii, ila ada yake ikae mezani mapema, kabla familia haijaanza kushangilia.

Tukirudi kwenye insha: UC hutaka majibu manne, kila moja lisizidi maneno 350. Swali moja ni la lazima kwa anayehamia, nalo linauliza umejiandaaje kwa fani uliyochagua. Mwenye masomo sahihi analo la kusema. Asiyekuwa nayo huishia kusimulia jinsi alivyopenda kompyuta tangu utotoni, na hilo wasomaji wa maombi wamelisoma mara nyingi mno.

Ukishatuma, kazi bado. Januari utatakiwa kujaza alama za muhula uliokwisha na masomo ya muhula unaoanza. Jaza hata kama hakuna kilichobadilika. Na ukipokewa, kupokewa huko kuna masharti. Kuacha fizikia mwezi wa Aprili kwa sababu "nimeshaingia" kunaweza kukuondolea nafasi, kwa hiyo waandikie ofisi ya udahili kabla hujaigusa ratiba yako.