"Jana jioni alikuwa mzima kabisa"

Tangu nianze kutibu kuku, hakuna maneno niliyoyasikia mara nyingi kama hayo. Mtu anaweka boksi mezani, anafungua kifuniko, ndani amelala tetea aliyekwisha kukakamaa. Hata glavu sijavaa, ananiambia: "Daktari, jana jioni alikuwa mzima kabisa. Alikula vizuri tu." Kisha ananyamaza na kutazama pembeni. Wengi wanaona haya kuonekana wanamlilia kuku, maana nyumbani wameshaambiwa ni kuku tu, nunua mwingine.

Mimi siwaambii hivyo. Aliyempoteza kuku aliyemlea tangu kifaranga ana haki ya kuumia. Ila pamoja na uchungu wake huja amebeba lawama: ningeona mapema, ningefanya hiki, ningefanya kile. Hiyo lawama ndiyo ninayotaka tuipime vizuri, kwa sababu sehemu yake kubwa si halali yake.

Kuku ni kiumbe anayewindwa. Ukoo wake unatoka kwa kuku mwekundu wa misitu ya Asia, na huko anayeonyesha udhaifu ndiye mwewe anayeanza naye. Hata wenzake hawamhurumii. Katika miaka ya 1920 Thorleif Schjelderup-Ebbe, mtaalamu wa wanyama kutoka Norway, alieleza jinsi kundi la kuku linavyojipanga kwa kudonoana: kila mmoja anajua nani amdonoe na nani amkwepe. Anayedhoofika hushushwa. Kwa hiyo anajikaza. Nimewatazama kuku wagonjwa wakiwa kwenye chombo cha chakula pamoja na wenzao, kichwa kinashuka na kupanda kama kawaida, na hawamezi hata punje. Ukisimama mlangoni utaapa kwamba anakula. Siku anapojikunja pembeni, manyoya yamemsimama na macho yamefumba, ugonjwa huwa umeshakaa naye siku nyingi.

Ndiyo maana macho peke yake hayatoshi. Kuku wakishapanda kulala, pitisha mkono. Chini ya shingo, upande wake wa kulia, kuna gole, mfuko ambamo chakula hukaa kwanza: jioni liwe limejaa, asubuhi kabla hajala liwe limeisha. Gole tupu usiku maana yake hakula, hata kama ulimwona akidonoa mchana kutwa. Halafu shika kidari. Mfupa wa katikati ukiwa umechongoka kama makali ya kisu, nyama imekwisha pande zote mbili, huyo anaumwa wiki kadhaa sasa. Ukimzoea kila mmoja kwa mkono, mabadiliko utayajua kabla yeye hajashindwa kuyaficha.

Nami nililijua hilo kwa masomo kabla sijalijua kwa moyo. Nilikuwa na tetea wangu mwekundu, wa aina ile ya kisasa ya mayai. Siku moja nikamkuta amesimama wima kuliko kawaida yake, mkia ameushusha, tumbo limejaa. Nikajisemea anataka kutaga, nikaendelea na kazi. Siku ya tatu nikamkuta chini ya kichaga, bado ana joto. Nilimpasua mwenyewe, mikono ikinitetemeka. Tumboni mlikuwa na maji ya manjano na mabonge ya kiini kilichoganda, kama yai lililopikwa. Viini vilikuwa vimekosa kuingia kwenye mrija wa mayai, vikaangukia tumboni na kuoza. Kuku wa msituni hutaga yapata mayai 10 hadi 15 kwa mwaka. Hawa wetu tumewafikisha karibu 300. Mwili wake ulifanya kazi tuliyomtwisha mpaka ukashindwa. Nilikaa naye pale mezani muda mrefu.

Kumpasua hakukumrudisha, lakini kulinionyesha kilichomuua, na hiyo ni heshima ninayoweza kuitetea mbele ya yeyote. Ukitaka mzoga uchunguzwe, uweke kwenye mfuko ndani ya friji, usiugandishe, maana barafu huharibu viungo, na umfikie daktari ndani ya siku moja. Wakifa wawili au watatu kwa ghafla, usipasue mwenyewe. Ita daktari wa mifugo, na waliobaki wasitoke hapo. Najua watu wanavyoharakisha kuwauza waliobaki wakati huo, ili wasipate hasara yote. Wakifanya hivyo, msiba wao wanaupeleka kwa jirani.

Kuna pahali siwezi kukuambia huna kosa. Kideri, ambacho wengi wanakiita mdondo, kikiingia kwenye kundi lisilochanjwa kinaweza kumaliza karibu wote kwa siku chache. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1926, na chanjo yake ni tone moja jichoni, linalorudiwa kila baada ya miezi michache. Kama uliahirisha, uchungu huo ni wako. Ubebe, kisha wachanje watakaofuata.

Kuhusu kumpumzisha anayeteseka, kosa ninaloliona zaidi ni kusubiri. Kama hasimami, hanywi, wala hageuki anapoitwa kwa punje, unayemlinda kwa kungoja ni wewe, si yeye. Njia ya kuvunja shingo ni ya haraka, lakini jifunze mkononi mwa anayeijua. Na ujue mapema kwamba mabawa yatapiga kwa nguvu baadaye. Ni misuli inayojiendesha yenyewe, na asiyeonywa huiota usiku. Anayefuga ili ale naye namheshimu vilevile, akimshika kwa utulivu na kumaliza kwa mkono usiositasita.

Wenzake wanajua? Sisemi wanaomboleza kama sisi. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol waliwapulizia vifaranga hewa kidogo mbele ya mama zao: mioyo ya mama ikaenda mbio, macho yao yakapoa, wakawaita watoto kwa sauti. Tangu hapo sijakubali tena kusikia "ni kuku tu". Anayebaki peke yake usimwache hivyo; anahangaika na kuita. Mletee wawili badala ya mmoja. Watenge kwanza wiki tatu au nne, kisha waonane kupitia wavu kabla ya kuchanganyika, kwa sababu ngazi ya kudonoana inaanza upya.

Fomu yangu ya uchunguzi ina mstari wa idadi ya waliokufa. Chini yake niliongeza mwingine kwa kalamu, na sasa unachapwa pamoja na fomu: "Alikuwa yupi?" Karibu wote huujaza, na wengine huandika mpaka pembeni ya karatasi. Wiki iliyopita mzee mmoja aliushikilia muda, akaandika kwa herufi kubwa: yule aliyekuwa wa mwisho kuingia bandani.