Spea za mashine ya korosho: unayoambiwa kuhusu ushuru na ukweli wenyewe

Msimu wa korosho ukikaribia huku Mtwara utasikia tu, "hizi ni spea za mashine ya kubangua, kwa hiyo zinalipiwa kama mashine". Hii ndo dhana inayoliza watu wengi kuliko zote, kwa sababu mashine nyingi za uzalishaji zinaingia kwa ushuru wa asilimia 0 kwenye viwango vya Afrika Mashariki (vipo asilimia 0, 10, 25 na 35) basi mtu anapiga hesabu kwamba na boksi zima la spea ni 0, halafu mzigo unafika bandarini anashangaa.

Forodha haianzi na kitu kinaenda kufungwa wapi, inaanza na kitu chenyewe ni nini, ndipo inakipa namba ya ushuru, na kiwango cha kulipa kinafuata namba hiyo. Fungua katoni moja uone: beringi ni namba 8482 hata kama imetengenezwa kwa ajili ya mashine yako tu, mota ni 8501, gia boksi 8483, fenibelti ya mpira inatoka kabisa kwenye mashine inaenda 4010 na mipira mingine, bolti na nati za chuma ni 7318. Na vile visu vilivyopinda kufuata umbo la korosho, ambavyo kila mtu angeapa ni sehemu ya mashine, navyo vina namba yao, 8208, visu vya mashine. Kinachobaki kwenye 8438.90, yaani sehemu za mashine za kuandaa vyakula, ni vile visivyo na namba yao popote na vinafaa kwa mashine hiyo tu au hasa hiyo, mfano fremu au kava lake. Kwa hiyo ukiandika "spares" kwenye invoisi nzima umemwachia ofisa akupangie yeye.

Ila mashine nzima iliyofunguliwa vipande ili ienee kwenye kontena ni habari nyingine, ikija pamoja inahesabiwa mashine, 8438.60, watu wanaichanganya sana hii na spea.

Eti msambazaji wa China ameshaandika namba ya ushuru kwenye invoisi, imeisha? Hapana jamani. Tarakimu 6 za mwanzo ni za dunia nzima lakini alichochagua yeye hakiifungi TRA, na huku kwetu tunatumia 8. Na usidhani kosa litabaki kwa ajenti, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inawabana wote wawili, yeye na wewe mwenye mali.

Halafu kuna hili la "ukibishana na forodha umejiharibia", linaniuma kweli maana watu wanalipa kimya kimya wakati haki wanayo. Sheria hiyohiyo inakupa siku 30 tangu uamuzi kumwandikia Kamishna wa Forodha aupitie upya, naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi na sababu, akikaa kimya ombi lako linahesabika limekubaliwa. Ukikataliwa una siku 45 kwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Peleka katalogi, mchoro, picha ya kitu kikiwa kimefungwa na kikiwa mkononi, na useme kimetengenezwa kwa malighafi gani, maana mpira na chuma haviendi namba moja. Na kama mzigo haujaagizwa bado, omba kabisa uamuzi wa awali wa namba ya ushuru kabla hujamtumia mtu hela.