Ruzuku ya kidijitali ni nini hasa?

Serikali ikitangaza kwamba sasa italipa ruzuku kidijitali, inamaanisha fedha ya msaada kwa kaya maskini, wazee, yatima au watu wenye ulemavu itatoka hazina na kuingia kwenye akaunti ya benki au laini ya simu ya mlengwa mwenyewe, bila noti kupita mikononi mwa maofisa. Ndiyo maana yenyewe, na haina utata. Tatizo ni kwamba tamko hilo hutufanya tuitazame sehemu iliyo rahisi kuliko zote, yaani kutuma. Kazi iko kabla na baada ya hapo.

Wanaoifahamu TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, wanakumbuka utaratibu wa zamani. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulipoanza, walengwa walikusanyika kijijini siku ya malipo, majina yakasomwa, wakaweka saini au dole gumba, wakahesabiwa pesa yao taslimu. Gari, ulinzi na posho za wasimamizi vilikula fedha, na mtu mmoja mwenye tamaa aliweza kumega cha mwenzake. Kuhamia simu na benki kulilenga kuziba mianya hiyo. Kenya ilikwenda njia hiyohiyo: Inua Jamii, inayowapa wazee wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi, iliingia kwenye akaunti za benki.

Kabla ya kutuma lazima kuwe na orodha, na hapo Togo ina somo zuri. Corona ilipoingia mwaka 2020, nchi hiyo haikuwa na daftari la maskini. Ilikuwa na daftari la wapiga kura, kwa kuwa uchaguzi wa rais ulifanyika Februari mwaka huohuo, na ndani yake kila mtu alikuwa ametaja kazi yake. Aprili ukazaliwa mpango wa Novissi. Mtu alipiga *855# kwa simu yoyote, hata kitochi, akaweka namba ya kadi yake ya kura, na akikubaliwa pesa ikaingia kwenye simu: faranga 12,250 kwa mwezi kwa mwanamke, 10,500 kwa mwanamume, kwa mafungu mawili. Wanawake kupewa zaidi ni uamuzi wa sera ambao mtambo ulitekeleza tu. Lakini asiye na kadi ya kura alibaki nje, hata kama njaa yake ilikuwa kubwa kuliko ya jirani.

Utambulisho nao una mitego yake. India inatumia Aadhaar, namba ya utambulisho ya mtu yenye tarakimu 12, pamoja na alama za vidole, na kwenye maduka ya chakula cha ruzuku wapo wazee na vibarua waliorudi mikono mitupu kwa sababu vidole vilivyosuguliwa na kazi havikusomeka.

Kisha pesa imeingia. Sasa itoke. Kijijini ujumbe wa simu haununui unga, kwa hiyo mlengwa anamtafuta wakala, pengine kwa nauli. Wakala wa kijijini ana mtaji mdogo. Walengwa wote wakilipwa siku moja, watu wachache wa mwanzo wanamaliza keshi dukani na waliobaki wanaambiwa waje kesho. Bibi asiyejua kusoma anampa mjukuu au wakala namba yake ya siri, na usiri umeishia hapo. Halafu kuna makato. Julai 2021 Tanzania ilianzisha tozo kwenye miamala ya simu, watu wakapiga kelele, ikapunguzwa. Kama serikali haijabeba ada ya kutolea, mlengwa wa ruzuku anakatwa kama mfanyabiashara. Sera inayokaa kimya kuhusu ada hiyo haijakamilika, kwa maoni yangu.

Afrika Kusini inaonyesha hatari nyingine: kampuni inayolipa kuwa pia muuzaji. Kuanzia 2012 ruzuku za huko zililipwa na Cash Paymaster Services, na kampuni dada zake ziliwauzia walengwa mikopo, muda wa maongezi na umeme, marejesho yakikatwa kwenye ruzuku kabla mwenyewe hajaigusa. Mahakama ya Katiba ilikuta mwaka 2013 kwamba zabuni ile ilikuwa batili, ila kampuni iliendelea kulipa hadi 2018, kwa kuwa serikali haikuwa imeandaa mlipaji mwingine.

Jambo moja halizungumzwi vya kutosha: malalamiko. Kwenye mkutano wa kijiji, aliyepunjwa alisimama na kusema mbele ya watu. Kwa simu, ruzuku isipoingia, kampuni ya simu inamtuma mlengwa kwa mpango wa ruzuku, mpango unamrudisha kwa kampuni ya simu, na mtendaji wa kijiji hana anachokiona kwenye mfumo. Kwa hiyo mpango wowote wa aina hii unahitaji mtu wa karibu mwenye uwezo wa kufungua kumbukumbu za malipo, kuona yalikwama wapi, na kuyarudisha.